Shemeji anataka mirathi ifunguliwe kwao Kondoa

SWALI: Shikamoo Mama. Mume wangu alifariki mwezi wa tatu hapa Morogoro. Tulikuwa tunaishi Kihonda tangu tuoane. Alikuwa fundi seremala. Ameacha nyumba isiyo na hati, ina mkataba wa mauziano tu, mashine zake za kazi, pikipiki na fedha kidogo benki. Wazazi wake walishatangulia. Nina mabinti wawili naye, na kuna kijana wake wa ndoa ya kwanza, ana miaka 19, anaishi kwa mama yake Dodoma. Sisi ni Waislamu. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu baba mmoja mama mmoja, anasema mirathi ifunguliwe Kondoa ndiko kwao, na msimamizi awe yeye kwa kuwa mwanamke hasimamii. Amekuja na muhtasari wa kikao cha ukoo umeshachapwa, anataka nisaini. Mimi nilikwenda steshenari nikauziwa fomu za mirathi, zimeandikwa namba 80 na 81, sijui hata pa kuanzia. Na yule kijana, nikimwacha nje ya fomu kutakuwa na tatizo? Naogopa vurugu. (Mjane, Kihonda)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amrehemu mwenzio.

Kwanza, usisaini. Nitakueleza kwa nini, kisha twende kwenye fomu.

Nilikaa masjala ya Mahakama ya Mwanzo miaka 26. Fomu hizi nilizijua kwa namba kama watu wanavyojua namba za basi. Baba yangu alipofariki tulikuwa bado kwenye matanga, mimi niko jikoni nasonga ugali wa wageni. Kaka yangu mkubwa akaniletea karatasi, akasema ni ya mahudhurio. Nilifuta unga kwenye kanga nikasaini. Juu ya karatasi hapakuwa na neno lolote. Baada ya miezi miwili niliiona tena, na safari hii juu ya sahihi yangu palikuwa pamechapwa kwamba wanafamilia wote tumeridhia shamba la minazi liuzwe. Alama ya kidole changu chenye unga ilikuwa bado ipo pembeni. Shamba lile halikurudi. Kwa hiyo nikikuambia usisaini kitu kilichochapwa kabla ya kikao kukaa, najua ninachosema.

Muhtasari wa kikao haumteui mtu. Anayeteua msimamizi ni mahakama. Hakimu huutazama ule muhtasari ili ajue ndugu wamezungumza na wamekubaliana au la. Kikao kikae kweli, wewe uwepo, kijana wa Dodoma awepo au atume neno, na kinachoandikwa kiwe ndicho kilichosemwa. Ukiona mmekwama, huzuiwi kwenda mahakamani. Shauri litasikilizwa hivyo hivyo, na shemeji atapata nafasi ya kusema pingamizi lake mbele ya hakimu.

Sasa mahali. Mahakama ya Mwanzo inayoshika mirathi ni ile ambayo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu ndani ya eneo lake wakati anafariki. Haiangalii alizaliwa wapi, wala kaburi liko wapi. Mumeo aliishi Kihonda, alifanya kazi Kihonda, nyumba yake iko Kihonda, basi mirathi yake ni ya Morogoro. Kondoa ni kwao na heshima yake ipo, lakini shauri likifunguliwa kule kuna hatari ya kuja kutenguliwa kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka, na wakati huo mmeshapoteza mwaka mzima na nauli. Mwambie shemeji hivyo kwa upole. Wengi hawafanyi kwa ubaya, wanadhani kweli mirathi hufuata asili ya mtu.

Zile fomu za 80 na 81 ziweke pembeni. Si feki, ila si za kwenu. Hizo ni za Mahakama Kuu na Mahakama ya Wilaya. Mahakama ya Mwanzo ndiyo inayosikiliza mirathi inayofuata sheria za Kiislamu au za kimila, na ina kanuni zake za mwaka 1971, na fomu zake zina namba ndogo. Utakazozishika wewe mwenyewe ni tatu: namba 1, ya kuomba, namba 5, orodha ya mali na madeni, na namba 6, hesabu. Nenda masjala uziombe. Ukiambiwa ulipie chochote, omba namba ya malipo ya serikali na urudi na risiti. Steshenari atakuuzia kilicho mezani, hajui mumeo alikuwa dini gani.

Kabla ya kwenda, uwe na cheti cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kibali cha mazishi hakitoshi, hicho kilikuwa cha kuzikia. Cheti kikitoka, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani. Kilichonisumbua kuliko vyote pale masjala kilikuwa majina. Cheti kinasema Ramadhani, kitabu cha benki kinasema Ramadhan bila i, mkataba wa nyumba umetumia jina la babu badala ya la baba. Nyumbani ni mtu mmoja, lakini kwenye karatasi ni watu watatu, na benki haitatoa fedha ya mtu wa kwanza kwa karatasi za mtu wa pili. Weka nyaraka zote mezani jioni moja, uzilinganishe. Zikitofautiana, apatikane ndugu anayemjua marehemu vizuri aape kiapo kwa wakili kwamba majina yote hayo ni ya mtu huyo mmoja. Fanya hivyo mwanzo, si siku ya benki.

Fomu namba 1 haina ugumu: nani amefariki, lini, aliishi wapi, aliacha wosia au hapana, nani warithi wake, mali inakadiriwa kiasi gani, wewe ni nani kwake. Ni kwenye lile fungu la warithi ndipo umeniuliza swali lako la mwisho, na hapo nataka unisikilize kama mama yako.

Mwandike huyo kijana. Ni mtoto wa ndoa na ni mrithi kama walivyo mabinti zako. Usimamizi uliopatikana kwa maelezo ya uongo mahakama inaweza kuufuta, hata kama umeshagawa, na hapo utakuwa umempa shemeji sababu ambayo leo hana. Halafu tazama hesabu yenyewe, maana naona umeogopa upande usio wa kuogopa. Kwa sheria ya Kiislamu, baada ya gharama za mazishi na madeni, mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Gawa mali mafungu 32: wewe 4, kijana 14, kila binti 7. Yamekwisha, na ndugu wa marehemu hana kitu, kwa sababu mtoto wa kiume anamzuia. Sasa mfute kijana kwenye karatasi. Mabinti wawili peke yao huchukua theluthi mbili, wewe thumni yako, na kinachobaki kinakwenda kwa ndugu wa kiume. Kwa mafungu 24 ni mabinti 16, wewe 3, shemeji 5. Unaona? Huyo unayetaka kumficha ndiye anayemzuia ami yake asiingie kwenye mali ya watoto. Sikuambii umwandike kwa sababu hiyo. Umwandike kwa kuwa ni haki yake. Lakini nimeona ujue. Mpigie simu mama yake leo. Wanawake wawili wenye watoto wa baba mmoja wakizungumza, nusu ya vurugu huisha kabla ya mahakama.

Hilo la mwanamke kutosimamia halimo katika sheria. Mahakama inaweza kumteua yeyote mwenye maslahi katika mirathi, mmoja au zaidi, na wewe unayo. Inaweza pia kumteua mtu wa nje mwadilifu asiye na upande ikiona ndugu hawaelewani. Wewe na kijana mkiomba pamoja nadhani mtakaa vizuri, ana umri wa kutosha.

Tazama pia mkataba wa nyumba umeandikwa majina ya nani. Kama yako na lake yapo yote, Sheria ya Ndoa ya 1971 inachukulia kwamba mna haki sawa, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Nusu yako si mirathi, isiingie kwenye mafungu hayo. Na kama ni jina lake tu lakini ulichangia, lisemwe mapema mbele ya hakimu, lisisubiri siku ya kugawa.

Ukishateuliwa wengi hudhani kazi imeisha. Hapo ndipo inaanza. Ndani ya miezi minne tangu uteuliwe unatakiwa urudishe fomu namba 5. Nimepokea fomu namba 5 nyingi zilizoandikwa neno moja: "Nyumba." Usifanye hivyo. Andika nyumba moja, vyumba vingapi, imeezekwa nini, mtaa gani, imenunuliwa tarehe gani kwa mkataba uliosainiwa mbele ya nani, na thamani yake kwa sasa. Pikipiki kwa namba yake ya usajili. Mashine ya randa, msumeno wa umeme, mbao zilizobaki karakanani, kila kimoja na mstari wake. Na fundi seremala huacha kitu ambacho wajane hukisahau: kazi za watu. Kama kuna mteja aliyelipa nusu ya kitanda na kitanda hakijaisha, hilo ni deni, liandike upande wa madeni. Kama kuna aliyechukua kabati akaahidi kulipa mwisho wa mwezi, hiyo ni mali, iandike pia. Kitafute kile kidaftari chake cha vipimo. Mafundi huandika humo nani kalipa na nani bado, tena kwa penseli, kwa hiyo kipige picha kabla hakijafutika.

Fomu namba 6 ndiyo hesabu yenyewe: ulipokea nini, ulilipa nini, uliuza nini, ulimpa nani. Kila malipo yawe na karatasi. Mrithi akipokea, asaini na tarehe. Mahakama hupanga lini uilete, na ikiridhika ndipo hufunga jalada. Jalada likibaki wazi, hata baada ya miaka kumi mtu anaweza kuja kukuuliza pikipiki ilikwenda wapi, na wewe utakuwa umeshasahau.

SWALI: Baba yetu, mwalimu mstaafu na Mlutheri, amefariki Mbagala. Mama yupo, tuko watoto wanne. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo tukaambiwa si hapo. Tunazungushwa? (Kifungua mimba, Dar es Salaam)

JIBU: Hamzungushwi. Mirathi ya Mkristo aliyeishi Kikristo huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Nasema aliyeishi, kwa sababu mahakama hutazama maisha yake na nia yake, si cheti cha ubatizo peke yake. Ninyi mko Mbagala, basi nendeni Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia pale Temeke. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu ziko hapo hapo, kwa hiyo mkikosea dirisha mtaelekezwa la pili bila kupanda daladala.

Zile fomu 80 na 81 ambazo mwenzenu wa Kihonda hazihitaji, ninyi ndizo zenu, lakini za baadaye. Mtaanza na maombi, cheti cha kifo, kiapo, ridhaa ya warithi kwa maandishi na hati ya dhamana. Baada ya uteuzi, orodha ya mali kwa fomu 80 ndani ya miezi sita, na hesabu kwa fomu 81 ndani ya mwaka mmoja. Mkiona muda hauwatoshi, ombeni mahakama iongeze kabla haujaisha.

Na kwa kuwa umeuliza kama kifungua mimba, nikuambie jambo ambalo pengine wadogo zako hawajui. Kama hakuna wosia, sheria inayotumika kwa mirathi kama hii ni ile ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika kwetu. Inampa mjane theluthi moja, na theluthi mbili ni za watoto, sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Ingekuwa mirathi ya kimila kwa tangazo la serikali la sheria za kimila la mwaka 1963, mama yenu asingekuwa na fungu lake, angebaki kutunzwa na ninyi. Kwa hiyo akitokea mjomba au baba mdogo akawashauri mrudi Mahakama ya Mwanzo mkaandike kwamba marehemu alifuata mila, kwa sababu eti ni rahisi zaidi, mkumbukeni mama kabla hamjajibu.