Kabla hujachomeka flashi

Ukianza kazi hii ya kuwawekea watu Windows upya kwenye kompyuta zao, utadhani ugumu uko kwenye kupiga Windows yenyewe. Hapana. Mashine ikiwa na SSD, yaani diski ya kasi, muda mwingi unakaa tu ukitazama asilimia zikipanda. Kazi yenyewe iko kabla.

Mteja akikwambia "humo hamna cha maana", usimsadiki. Si mwongo, amesahau tu. Niliwahi kunakili Desktop, Documents na picha, nikafuta diski roho ikiwa imetulia. Kesho yake mwenyewe akaulizia barua pepe zake za miaka. Zilikuwa ndani ya AppData, folda iliyofichwa, wala sikuigusa. Tangu siku ile nauliza kimoja kimoja: hesabu unaandikia programu gani, barua pepe unasomea wapi, nywila umezihifadhi kwenye kivinjari kipi? Nikishanakili, nachomeka ile diski ya nje kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili tano sita. Nakala usiyoifungua usiihesabu.

Tena, laptopu nyingi za siku hizi zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima, na mwenyewe hana habari. Ukichezea BIOS, yaani mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi umo kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Mwombe autafute mapema.

Kwenye kuchagua patisheni, yaani sehemu ya diski utakayoweka Windows, majina hayasaidii, soma ukubwa. Hapo ndipo watu hufuta diski ya nje iliyobeba bakapu yenyewe, kwa hiyo chomoa kila kitu, ibaki flashi ya Windows tu. Ukikuta orodha tupu, usikimbilie kutangaza diski imekufa: mashine kadhaa za Intel hutaka kwanza draiva ya hifadhi, programu ndogo ya kuiwezesha Windows kuiona diski. Ya Wi-Fi nayo iweke kwenye flashi, usije ukahitaji intaneti ili upate draiva ya kukupa intaneti.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo wengi watakuletea mashine wakitaka Windows 11. Hiyo inadai TPM 2.0 (kijenzi cha usalama ndani ya mashine), RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Kabla hujamwambia mtu anunue mashine mpya, ingia BIOS: mara nyingi TPM ipo, imezimwa tu. Ukipandisha toleo bila kufuta, una siku 10 za kurudi nyuma, mradi folda ya Windows.old, iliyobeba Windows ya zamani, ipo. Mteja akilalamika kwamba nafasi imepungua, mwambie asubiri siku hizo ziishe, na wewe usiifute folda hiyo.