Usiitupe kabureta ya pikipiki yako ya zamani

Pikipiki ya zamani ikianza kusumbua asubuhi hapa Goma, ushauri utakaopewa ni mmoja: nunua kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa. Kwenye maduka ya mtaa wa Birere zipo tele, zinang'aa ndani ya nailoni, na muuzaji atakuapia kwamba inakubali kwenye pikipiki yoyote ya 125. Kukubali, inakubali. Boliti mbili zinashika, injini inaunguruma, unalipa. Kisha siku unapanda kuelekea Kibumba na abiria mgongoni, pumzi inakata, na mafuta yanaisha kabla hujafika.

Mimi nazifungua hizi pikipiki nyumbani kwa kuzipenda tu, zaidi Yamaha DT 125 na Honda za zamani, na msimamo wangu ni huu: kabureta ya Kijapani, Mikuni au Keihin, iliyotoka kiwandani na pikipiki yenyewe ni nadra kuwa imekufa. Ni chafu, na mipira yake imechoka. Shaba iliyo ndani bado ni nzima, na shaba hiyo ndiyo usiyoweza kuipata sokoni. Mwenye TVS au Boxer anaweza kuacha kusoma hapa. Za kwao mpya zinapatikana na zinafaa.

Kabla ya bisibisi, sikiliza ugonjwa. Ikiwa inawaka kwa starteri (choki) tu, na ukiirudisha inazima, lakini ukivuta gazi (akseli) inakwenda vizuri, basi jikleri ya ralanti imeziba, yaani kile kipande cha shaba chenye tundu kinachopitisha mafuta injini ikiunguruma bila kuvutwa gazi. Tundu lake halifiki hata nusu milimita. Mafuta yakilala humo wiki kadhaa, sehemu nyepesi inapaa na kuacha gundi ya rangi ya asali. Ikiwa ni kinyume chake, ralanti nzuri lakini inakosa nguvu kwenye gazi kubwa, angalia jikleri kubwa, robine (koki ya mafuta chini ya tangi), na hata kifuniko cha tangi: tundu lake la hewa likiziba, mafuta hayashuki. Na mafuta yakidondoka kwenye kimpira cha chini, mshukiwa ni pwanto, ile sindano fupi inayofunga njia boya linapopanda.

Kuna kipimo kimoja kisichogharimu kitu. Chini ya bakuli la kabureta kuna visi (skrubu) ya kumwagia. Ilegeze, kinga mafuta kwa chupa nyeupe, uyaache yatulie. Maji yakiwamo yatakaa chini kama shanga. Sote tunanunua kwa makadafi, wauza mafuta wa barabarani, na bidoni iliyoshinda nje kwenye mvua ya Goma haiwezi kukosa tone. Wakati mwingine hapo ndipo kazi yote inapoishia.

Ikibidi kufungua, fungulia nje, mbali na mbabula ya jikoni. Nasema hivi kwa sababu nimewaona watu wakiosha kabureta kwa esansi (petroli) hatua mbili tu kutoka penye makaa. Funga robine, mwaga kilichobaki, tandika kitambaa cheupe, na piga picha kwa simu kila unapotoa kipande. Visi za Kijapani zina njia ya msalaba isiyolingana kabisa na bisibisi za kawaida; bisibisi inaruka na kula kichwa. Ukikosa ya Kijapani, isage ncha kidogo tu ili ikae hadi chini, ikandamize kwa nguvu, na gonga mpini wake kwa nyundo kabla ya kuzungusha.

Visi ya mchanganyiko, ile inayopima hewa na mafuta ya ralanti, inahitaji heshima ya pekee. Kwanza ikaze polepole mpaka iguse chini, bila kulazimisha, ukihesabu mizunguko, na uiandike. Ndipo uitoe. Nyuma yake mara nyingi kuna springi, washa ndogo na ringi ya mpira, na ringi hiyo hupenda kubaki shimoni. Usipoitoa, upepo wa kompresa utaitupa usikojua.

Sasa jikleri. Kila gereji ina fundi anayezizibua kwa waya wa chuma, kwa uzi wa breki ya baiskeli au kwa chochote kilichochongoka. Shaba ni laini. Tundu likipanuka kwa kiasi usichokiona kwa macho, pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote, na hakuna visi itakayoiponya. Mimi natumia uzi mmoja wa shaba uliotoka kwenye waya mwembamba wa umeme, au unywele wa ufagio. Kwanza loweka, subiri, kisha ndipo usukume taratibu. Iinue jikleri kuelekea jua: unatakiwa uone duara safi, si nusu duara. Wako wanaochemsha kabureta kwa maji ya limau. Kwa dakika chache inang'arisha, sawa, lakini ukiilaza humo usiku kucha asidi inakula mwili wake, na asubuhi utaikuta ya kijivu na yenye vishimo.

Jikleri peke yake haitoshi. Ndani ya mwili wa kabureta kuna njia nyembamba zinazoelekea kwenye vitundu vya ralanti, karibu na ukingo wa slaidi (kizibo kinachopanda ukivuta gazi), na hapo ndipo uchafu unapowashinda wengi. Vuta esansi safi kwa bomba la sindano la hospitali, isukume kila njia, uone inatokea wapi. Isipotokea mahali, loweka tena. Baadaye nenda kwa fundi wa matairi akupulizie upepo, ukiwa umekwisha kutoa boya na mipira yote, na ufunge macho au uvae miwani.

Halafu ukarabati wenyewe. Nunua kifurushi cha ukarabati, ndiyo, lakini tumia gasketi, ringi na pwanto tu. Jikleri zinazokuja nazo zimeandikwa namba nzuri na tundu lisilolingana na namba. Zile za zamani zilizosafishwa zirudishe mahali pake. Pwanto iangalie ncha: ikiwa na alama ya duara iliyobonyea, ni ya kutupa. Boya litikise karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani limetoboka. Kuna kitu kimoja ambacho hakina dawa: slaidi iliyolika, inayocheza mwilini ukiitikisa. Ralanti yake inapanda na kushuka yenyewe. Vumbi letu la mawe ya volkano linakwangua kama msasa, na motari (dereva wa pikipiki ya abiria) anayeendesha bila filta ya hewa ili pikipiki ipate nguvu anajinunulia tatizo hili. Filta ya sponji inaoshwa kwa maji na sabuni, inakauka, kisha inapakwa oili kidogo na kukamuliwa.

Wakati wa kufunga, sehemu ya slaidi iliyokatwa mshazari inatazama upande wa filta. Ukiigeuza haitashuka yote, na injini itapiga kelele mara tu ikiwaka. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga kiki vuta gazi na uachie. Lazima usikie slaidi ikigonga chini. Angalia pia mpira unaounganisha kabureta na injini. Ukiwa na ufa, hewa inaingia kwa wizi na hutapata ralanti hata ukirekebisha hadi jioni. Nyunyizia maji pale injini ikiwa kwenye ralanti: sauti ikibadilika, umeupata.

Limebaki jambo ambalo mafundi wengi wa hapa hawaligusi. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa. Kabureta hizi hazijui zimepanda. Zinaendelea kutoa mafuta ya pwani, na buji (plagi) linatoka jeusi lenye masizi makavu. Anza na sindano ndefu ya slaidi: kibanio chake kipandishe ngazi moja, sindano itashuka, mafuta yatapungua kwenye gazi ya katikati. Ikiwa bado ni nzito kwenye gazi kubwa, punguza jikleri kubwa namba moja, usizidishe, na ujue kwamba namba za Keihin na za Mikuni hazifanani. Kwa DT na nyingine za mipigo miwili nenda taratibu zaidi, maana mafuta yakipungua mno pistoni inashika.

Endesha mpaka injini ipate joto kamili, ndipo urekebishe visi ya mchanganyiko kwa robo mzunguko, ukitafuta pale ralanti inapopanda juu kabisa, kisha ishushe kwa visi ya slaidi. Honda CG 125 inataka mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Wasio na kipimo wataenda kwa sikio. Siku inayofuata fungua buji. Rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Jikleri uliyoitoa ifunge kwenye kimfuko chenye namba yake, chini ya kiti: atakayeinunua pikipiki na kuishusha Kisangani ataihitaji.