Gari lako limezuiliwa kituoni baada ya kaka kukamatwa amelewa

Pole sana dada. Kaka kapatikana na pombe kwenye Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima pombe kwa pumzi, na gari lako limelala kituoni Nairobi wakati unalihitaji kwa kazi. Mwenye gari ni wewe, kwa hiyo usimtume yeye. Nenda na kitambulisho, logbuku, bima na namba ya OB (daftari la matukio la polisi), umwone OCS, yaani mkuu wa kituo, au afisa anayeshika kesi. Kama kaka aligonga mtu au kitu, tarajia kungoja ukaguzi wa gari kwanza. Kabla ya kusaini kulichukua gari, likague lote, upige picha. Ukiombwa hela, dai risiti rasmi. Bila risiti usitoe hata shilingi. Wakikatalia gari, wakili aombe amri ya mahakama. Kaka naye asikiri kosa kabla ya kumwona wakili: adhabu yaweza kufika faini ya shilingi 100,000, kifungo cha miaka 2, au vyote viwili.