Mtoto wa miaka 7: cc 50 au cc 90?

Ndugu, umeuliza umnunulie mwanao pikipiki ya magurudumu manne ya cc 50 au ya cc 90 (cc ni ukubwa wa injini). Chukua ya cc 50. Hoja yako kwamba ya cc 90 ataitumia miaka mingi zaidi naielewa, lakini pikipiki ya magurudumu manne hainunuliwi kama sare ya shule, eti atakua ndani yake. Za cc 50 kwa kawaida huandikwa umri wa miaka 6 na kuendelea, zile za cc 90 miaka 10 au zaidi. Na usidanganyike na neno "ndogo": hata Yamaha YFZ50, ambayo ni ya cc 50, inakaribia kilo 100, ikimpindukia mtoto hawezi kuisukuma.

Ukienda kuikagua, tafuta skrubu ya kuzuia akselereta. Anza nayo ikiwa imekazwa ili mwendo uwe wa kutembea haraka tu, ulegeze kadiri anavyozoea breki. Pia iwe na kamba ya kuzimia injini, ile unayoishika wewe ukikimbia nyuma yake (mazoezi ya bure kwa mzazi). Gia zisikusumbue, nyingi za ukubwa huu ni otomatiki.

Mpandishe ikiwa imezimwa. Akikata usukani hadi mwisho, mkono wa nje bado ufike vizuri na vidole vifikie breki. Asipofikia, subirini.

Helmeti, glavu, buti, suruali ndefu. Asipakie mwenzake, na lami aikwepe kabisa, kwa sababu matairi yale laini yametengenezwa kwa udongo na kwenye lami hukata kona vibaya.