Kusakinisha ajenti ya Bacula kwenye Debian, Rocky na FreeBSD: anza na namba ya toleo

Mkuu, kwa jinsi nilivyokuelewa, Director yako ya Bacula (programu kuu inayoongoza bakapu zote) iko kwenye Debian 12 na unataka kuongeza ajenti, yaani programu inayosoma faili za mashine na kuzituma kwenye bakapu, kwenye seva tatu: Debian 12 nyingine, Rocky Linux 9 na FreeBSD 14. Kwenye Debian kifurushi kimeingia bila kelele, lakini ukipiga `status client` kwenye `bconsole` (dirisha la amri la Bacula) unapata "Connection refused". Hiyo ni rahisi, nitaifikia. Naanza na Rocky, maana huko kuna shimo ambalo bado hujalikanyaga.

Bacula ina sharti moja ambalo apt wala dnf (visakinishi vya Debian na Rocky) hazilijui: Director na Storage Daemon (SD), yaani huduma inayohifadhi bakapu, ziwe toleo moja, na File Daemon (FD), yaani ajenti yenyewe, iwe toleo hilohilo au la nyuma yake. FD ikiwa mpya kuliko Director, hakuna anayekuhakikishia kwamba zitaelewana. Sasa tazama: Debian 12 inakuja na 9.6.7. Rocky 9 inakupa tawi la 11. Ukiandika `dnf install` bila kuangalia, umeshavunja sharti, na makosa utakayoyaona baadaye yanaweza yasitaje neno "toleo" kabisa. Kwa hiyo kabla ya kusakinisha chochote, uliza kwanza kila mashine ingekupa nini:

```
apt-cache policy bacula-fd        # Debian
dnf info bacula-client            # Rocky
pkg search bacula                 # FreeBSD
```

Halafu linganisha na Director: ingia `bconsole`, andika `version`.

Dawa kwa hali yako ni kupandisha seva ya Director kwanza. Debian 13 ina 15.0.3, na hapo FD za 9.6.7 na za 11 zote zinakuwa chini yake, mambo yanatulia. Kabla ya kupandisha, toa dampo la katalogi (hifadhidata ambamo Bacula inaandika kumbukumbu za bakapu) kwa `pg_dump` (au `mysqldump` kama ulichagua MariaDB), kwa sababu muundo wa jedwali hubadilika kati ya matoleo na hakuna njia ya kurudi nyuma bila dampo hilo. Kuchukua `.deb` za Debian 13 na kuzilazimisha ndani ya Debian 12 sikushauri. Zitavuta libc (maktaba ya msingi ya mfumo) mpya na utabaki na mashine ambayo si 12 wala 13. Kujikusanyia FD ya zamani kutoka kwenye msimbo kwa ajili ya Rocky kunawezekana, ila hapo masasisho yote ya usalama yanakuwa mzigo wako, na hiyo ndiyo kazi tuliyotaka kifurushi kitufanyie.

Kuna njia nyingine: vifurushi vya mradi wenyewe wa Bacula. Unajiandikisha, unapewa ufunguo wa repo, na kila kitu kinaingia kwenye `/opt/bacula`. Ni njia nzuri, ila usichanganye na vifurushi vya distro kwenye mashine moja. Utahariri `/etc/bacula/bacula-fd.conf` saa nzima wakati huduma inasoma `/opt/bacula/etc/bacula-fd.conf`. Ukishuku hivyo, `systemctl cat bacula-fd` itakuonyesha faili linalosomwa kweli.

Usakinishaji wenyewe ni wa dakika mbili. Angalia tu majina, maana yanadanganya. Kwenye Debian, `bacula-fd` ndiyo ajenti. `bacula-client` ni kifurushi kiunganishi kinacholeta FD pamoja na bconsole. Na `bacula` tupu inakuletea hadi Director na SD. Kwenye Rocky, `bacula-client` ndiyo FD yenyewe.

```
# Debian
apt update
apt install --no-install-recommends bacula-fd

# Rocky
dnf install bacula-client
systemctl enable --now bacula-fd
firewall-cmd --permanent --add-service=bacula-client
firewall-cmd --reload

# FreeBSD (chagua jina lenye namba isiyozidi ya Director)
pkg install <jina-kutoka-pkg-search>
sysrc bacula_fd_enable=YES
service bacula-fd start
```

Debian huwasha huduma mara tu kifurushi kinapoingia. Rocky na FreeBSD zinakusubiri wewe. Huduma ya `bacula-client` iliyomo ndani ya firewalld (faiawali ya Rocky) inafungua poti 9102/tcp. Kama Debian yako ina faiawali ya ufw, ruhusu Director peke yake: `ufw allow from 10.20.0.5 to any port 9102 proto tcp`. FD inaendeshwa kama root ili iweze kusoma kila faili, kwa hiyo usiiache wazi kwa dunia nzima.

Sasa hiyo "Connection refused". Fungua `/etc/bacula/bacula-fd.conf` kwenye Debian, utakuta mstari `FDAddress = 127.0.0.1`. Yaani ajenti inasikiliza simu kutoka ndani ya nyumba yake tu. Hakikisha kwa `ss -ltnp | grep 9102`, ukiona `127.0.0.1:9102` umeshampata mwizi. Faili la Debian lina mitego mingine miwili: jina la Director limeandikwa kufuata jina la mashine hiyohiyo (kwa mfano `web1-dir`), na nenosiri limetungwa lenyewe wakati wa kusakinisha. Rocky ni tofauti: jina liko `bacula-dir` na mahali pa nenosiri pana `@@FD_PASSWORD@@`, alama tu inayosubiri uibadilishe. FreeBSD faili liko `/usr/local/etc/bacula/bacula-fd.conf`.

Tengeneza nenosiri moja kwa kila ajenti kwa `openssl rand -base64 33`, kisha upande wa ajenti:

```
Director {
  Name = ofisi-dir
  Password = "nenosiri-ulilotengeneza"
}
FileDaemon {
  Name = web1-fd
  FDport = 9102
  FDAddress = 10.20.0.11
  # mistari mingine iache kama ilivyokuja
}
```

Na upande wa Director, kwenye `bacula-dir.conf`:

```
Client {
  Name = web1-fd
  Address = 10.20.0.11
  FDPort = 9102
  Catalog = MyCatalog
  Password = "nenosiri-lilelile"
}
```

`ofisi-dir` lazima liwe sawa herufi kwa herufi na `Name` iliyo ndani ya sehemu ya `Director` ya `bacula-dir.conf`. Jina la mashine halina uhusiano hapa. Kama ajenti inapata IP kwa DHCP, usiweke IP kamili kwenye `FDAddress`: huduma ikiamka kabla mtandao haujapata anwani, itashindwa kujifunga kwenye poti na kufa. Weka `0.0.0.0` na uache ufw au firewalld ifanye uchujaji.

Kabla ya kuwasha upya, pima faili: `bacula-fd -t -c /etc/bacula/bacula-fd.conf`. Ikinyamaza, ni salama. Kisha `systemctl restart bacula-fd`, na kwenye bconsole `reload` halafu `status client=web1-fd`.

Ukikwama, aina ya kosa inakuambia pa kutazama. "Connection refused" ni huduma imezimwa au inasikiliza 127.0.0.1. Ikining'inia muda mrefu kisha ikakata, hiyo ni faiawali inatupa pakiti. Thibitisha kutoka kwenye Director kwa `nc -zv 10.20.0.11 9102`. Ikilalamikia uthibitishaji wa utambulisho, ni jina au nenosiri, na mara nyingi ni jina, kwa sababu nenosiri watu hulinakili vizuri lakini jina huliacha kama lilivyokuja.

`status client` ikijibu usishangilie bado. Hapo Director imeongea na ajenti tu. Bakapu yenyewe inapita njia nyingine: ajenti ndiyo inayompigia SD kwenye poti 9103, na anwani ya SD inaipata kwa Director. Usanidi wa kuanzia wa Debian una `Address = localhost` kwenye sehemu ya `Storage` ya `bacula-dir.conf`. Director ikimpa web1 anwani hiyo, web1 inajipigia yenyewe na kazi inakufa na ujumbe kwamba imeshindwa kuunganika na Storage daemon kwenye localhost:9103. Weka IP au jina kamili la seva ya SD ambalo ajenti zote zinaweza kulifikia, badilisha pia `SDAddress = 127.0.0.1` kwenye `bacula-sd.conf`, na ufungue 9103 upande huo. Kama ajenti iko nyuma ya mtandao usioruhusu kutoka kwenda 9103, ongeza `SD Calls Client = yes` kwenye `Client`, mwelekeo wa simu unageuka. Tawi la ofisi lililo nyuma ya modemu ya simu, ambalo hata Director haiwezi kuliingia, mimi ningelifungia WireGuard (VPN) na kumaliza ubishi.

Kazi ndefu zinazokatika katikati bila sababu ya maana, hasa panapokuwa na ruta inayofunga miunganisho iliyokaa kimya, hutulizwa na `Heartbeat Interval = 60` ndani ya `FileDaemon`.

Kwenye FreeBSD kuna jambo la kuangalia kwa makini. FD kwa kawaida haivuki kutoka mfumo mmoja wa faili kwenda mwingine. FileSet (orodha ya faili za kubakapu) yenye `File = /` kwenye Linux iliyogawanywa itaruka `/home` kama ni sehemu yake, na utaona onyo la "is a different filesystem" kwenye ripoti, ambalo watu wengi hulipita kwa kuwa kazi imeisha "OK". Kwenye ZFS, mfumo wa faili wa FreeBSD, ni mbaya zaidi, kwa sababu kila deta-seti (sehemu moja ya ZFS) ni mfumo wa faili unaojitegemea. Usakinishaji wa kawaida wa FreeBSD 14 unatenganisha `/home`, `/var/log`, `/var/mail` na nyinginezo. `/var/db` inabaki pamoja na mzizi. Pitia `zfs list`, kisha taja kila moja kwa mstari wake wa `File =`. Ukichagua `onefs = no` badala yake, itabidi utoe `/proc`, `/sys`, `/dev` na `/run` kwenye seva za Linux wewe mwenyewe.

Kujua kitakachochukuliwa bila kuandika hata baiti moja kwenye diski ya bakapu, tumia `estimate job=web1 listing`. Isome orodha yote mara moja, walau kwa ajenti ya kwanza ya kila aina.

Hifadhidata usizibakapu kwa kunakili `/var/lib/mysql` ikiwa hai. Weka skripti kwenye ajenti na uiite kwa `ClientRunBeforeJob` ndani ya `Job`. Skripti ikirudisha kisicho sifuri, kazi inasimama, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Ila `mysqldump --single-transaction ... | gzip` inarudisha jibu la gzip, si la mysqldump. Dampo linaweza kufeli na bado ukapewa "OK". Andika `set -o pipefail` juu ya skripti ya bash.

Mwisho, masasisho. Debian ndani ya toleo moja haitakurukia na namba mpya, hivyo `apt-mark hold` haina kazi kubwa na inakunyima marekebisho ya usalama. Rocky inaweza kusogea kidogo kati ya matoleo madogo. FreeBSD ndiyo ya kuchunga: baada ya kila `pkg upgrade` linganisha namba na ya Director. Na kama apt ikikuuliza kuhusu faili la usanidi lililobadilishwa, jibu kubaki na la kwako. Kwenye Rocky tafuta `.rpmnew` ndani ya `/etc/bacula`.

Kisha jaribu kurudisha: `restore client=web1-fd select current`, `cd /etc`, `mark hosts`, `done`, na kabla ya kukubali chagua `mod` ubadilishe `Where` iwe `/tmp/rudisha`. Linganisha kwa `diff /etc/hosts /tmp/rudisha/etc/hosts`. Ikinyamaza, nenda kwenye ajenti inayofuata.