Jua linaenda kulala wapi?

Swali: Dada, nafundisha chekechea hapa Tanga, watoto wananiuliza usiku jua linaenda kulala wapi, niwajibu nini?

Jibu: Mwalimu wangu, usiwaambie linalala, watalishika hilo mpaka wakue! Funga mapazia, washa tochi iweke mezani hiyo ndo jua letu, chukua chungwa ubandike kipande cha plasta pawe Tanga, mpe mtoto alizungushe mwenyewe taratibu, plasta ikitazama tochi mchana, ikigeuka nyuma utawasikia "usikuuu"! Dunia inazunguka hivyo kwa saa 24. Ila mimi napenda zaidi mtoto mwenyewe awe Dunia, ajizungushe polepole kuelekea kushoto, aone tochi inachomozea kushoto inazamia kulia, na tochi haijasogea hata kidogo.