Chalbi kwa Gari Lako: Usiende Peke Yako

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniuliza kama anaweza kujiendeshea kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kupitia jangwa la Chalbi: gari moja, spea moja, watoto wawili nyuma. Nimerudi majuzi kutoka huko, wote tukiwa hai, na safari hiyo najivunia. Jibu langu, kaka: kwa gari moja, usiende.

Lami ya kutoka Isiolo inamlaghai mtu. Unafika Marsabit bila jasho, unajaza mafuta, unateremka mlima, kisha ni mawe meusi ya volkano yanayochana tairi ubavuni, mahali ambapo fundi hazibi pancha. Beba spea mbili, na pampu, maana kwenye mchanga utapunguza upepo. Chalbi yenyewe juu ni chumvi kavu, lakini mvua ikinyesha inageuka tope. Sisi tulimchukua kijana wa Kigabra, wafugaji wa huko, atuonyeshe njia, na alipokataza njia fulani tuliizunguka bila kubishana.

Mchana wa pili mwenzetu alilalamika kichwa, akanyamaza, halafu akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Joto likifika kwenye akili, hilo si uchovu tena. Tulimlaza kivulini mwa gari, tukamlowesha maji mwili mzima, tukampepea kwa leso. Akili ilipotulia ndipo tukamnywesha kidogo kidogo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kisha moja kwa moja kituo cha afya.

Gari la pili, ambalo tuliahidiana kusafiri pamoja, lilikuwa limeshatokomea mbele. Hawakutazama kioo hata mara moja. Mtandao wa simu hakuna. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ndugu zangu, msafara ni ahadi! Usipoliona gari la nyuma, simama. Likichelewa, rudi.

Maji: lita tano kwa kila mtu kwa siku, si pungufu, na akiba ya siku mbili juu yake. Usitegemee Ziwa Turkana, maji yake yana magadi na mamba wamo. Gari likikufia, baki nalo. Lina kivuli na huonekana kwa mbali kuliko mtu anayetembea. Loiyangalani lala ndani ya neti, malaria ipo, na asubuhi kung'uta viatu kwa sababu ya nge.

Kaka wa Nakuru, tafuta kwanza mwenye gari la pili, mtu unayemwamini, kisha niandikie tupange tarehe nje ya msimu wa mvua.